Ngata ya Awinja

Kambi ya Wakata Miwa,
Musanda.
13 Februari 1977

Dada yangu Jael,

Barua hii ikukute umeketi, si umeinama shambani. Hapa nimeamka salama, isipokuwa mikono. Mikono ya mkata miwa huamka baadaye, kidole kimoja kimoja. Msalimie shemeji Protus, na Mama mwambie miguu yake naikumbuka kila jioni ninapoinua yangu. Yule ng'ombe mwekundu amezaa, au bado anawadanganya?

Asante kwa kumpokea mtoto. Nyapara Osundwa alikuwa amenipa siku moja tu, ndiyo maana nilimleta na kuondoka Awinja akiwa amelala mgongoni pako. Pengine nilifanya vibaya kumtoroka hivyo. Pengine ningemngoja aamke nisingeondoka.

Mama yake, Beldina, bado amelazwa kwenye hospitali ya kifua. Wanamdunga sindano kila asubuhi, na daktari anasema ni ugonjwa wa miezi, si wa wiki. Watoto hawaruhusiwi hata kukaribia ua. Kwa mama mkwe siwezi kumpeleka mtoto, maana kikohozi chenyewe kilitoka katika nyumba hiyo. Na hapa kambini mtoto wa miaka mitatu humwachi. Wanaume tunatoka giza halijaisha, wanawake wanaenda palizi, na trekta zinapita hapa nyuma ya vyumba na trela zake zikiyumba.

Kwa hivyo nakwambia wazi, wewe ni dada yangu mkubwa. Akikataa kukaa kwako, itabidi niache kazi nirudi nyumbani nimlee. Nikiacha kazi, chumba wanakichukua siku hiyo hiyo. Beldina akitolewa wodini atatakiwa kwenda sindano kila siku, na hatakuwa na pa kulala karibu. Nimefikiria njia nyingine na sikuiona.

Niambie kama anakula. Niambie kama analala.

Ni mimi mdogo wako,
Nehemiah


Shinyalu,
2 Machi 1977

Ndugu yangu Nehemiah,

Nimeketi kama ulivyotaka, lakini ni kwa sababu ya mvua. Ng'ombe amezaa, ndama dume. Mama anasema hata ng'ombe siku hizi hawasikii maombi. Miguu yake ni ile ile. Protus ameenda Malava kwa mjomba wake, kuna mashine ya sukari nguru huko na wanatafuta watu wa kubeba miwa. Kila mtu siku hizi ni miwa. Hata mwalimu wa hapa amekata migomba yake apande.

Sasa mtoto. Mchana si mbaya. Ananifuata mtoni, ananifuata jikoni, anaita kuku wote jina moja. Anakula kidogo, kama anayeonja chakula cha mgeni. Shida ni akitaka kulala.

Wewe ungedhani anamlilia mama yake au wewe. Nami nilidhani hivyo. Lakini nimemwangalia vizuri, Nehemiah. Mtoto huyu hatafuti mtu, anatafuta kitu. Anakaa katikati ya kitanda, anapapasa blanketi, anainua mto, anapapasa ukuta. Kisha anatia kidole mdomoni, na mkono ule mwingine anausugua shavuni, vidole viwili, kama mama anayepima kitambaa sokoni. Hakuna kitu kati ya vidole. Hapo ndipo anaanza kulia.

Namuuliza, "Unataka nini, mama?"

"Nataka yangu."

"Yako gani?"

"Yangu."

Nimempa leso yangu mpya. Nimemtengenezea mtoto wa gunzi na kumvika nguo. Anasema, "Asante, Senge," maana ameshajua mimi ni shangazi yake, anaviweka kando kwa adabu, halafu analia. Amekonda. Nguo alizokuja nazo zinamteleza mabegani.

Senge Selpher alikuja kutuona. Unamjua dada ya marehemu baba, haji kuona, huja kuhukumu. Alimsikiliza mtoto kidogo, akasema, "Huyu mtoto mlimpa jina la nani?" Mama akasema Awinja. "Awinja ni wa kwetu?" Mama akasugua miguu yake. "Basi ndiyo hiyo. Kuna mtu wetu amekaa mlangoni anangoja kuitwa, na nyinyi mmemfungia nje na jina la watu wa Beldina." Sasa wanataka Pasaka, watu wakiwa wamekusanyika, majina ya marehemu wa kwetu yaitwe moja moja mpaka mtoto anyamaze.

Siwapingi wazee. Lakini kabla ya hapo nakuuliza jambo dogo, na unijibu upesi. Huko kambini, alikuwa akilala na nini mkononi?

Dada yako,
Jael


Musanda,
27 Machi 1977

Dada Jael,

Usikasirike kwa kuchelewa. Mvua imeharibu barabara za shamba, trela zinazama mpaka kwenye ekseli, na tunaitwa kusukuma hata siku ya kuandika barua. Hongera kwa ndama. Dume pia ni mali.

Chumbani kwangu wameniwekea mtu, dereva wa trekta anaitwa Kibiwott, kutoka Nandi. Wamesema mwanamume mmoja hawezi kukaa na chumba kizima wakati wengine wanalala wanne. Ni mtu mzuri, ila anakoroma kama chombo chake. Afadhali huko kukoroma. Chumba kilikuwa kimeanza kuwa kikubwa.

Habari za jina. Beldina alimwita mtoto Awinja kwa ajili ya mama mdogo wake aliyemlea. Si jina la kuokota. Lakini kama jina la kwetu litamlaza, muitieni, na Beldina asiambiwe mpaka apone. Mgonjwa hatakiwi kuhesabu vitu alivyonyang'anywa.

Kile kitu unachouliza, hakuna kitu. Alikuwa akilala tu, kama watoto.

Nina usingizi. Barua nyingine itakuwa ndefu.

Nehemiah


Shinyalu,
15 Aprili 1977

Ndugu yangu,

Pasaka imepita na sisi tumebaki. Mama anakusalimu. Watu wa Lubao walikuja, kwaya iliimba mpaka spika ikaungua, na nyama ilitosha. Nakueleza yote ili usije ukaambiwa na Senge Selpher kwa njia yake.

Siku ya Jumapili, baada ya kanisa, tulikaa nyumbani kwa Mama. Senge alimpakata mtoto, Mama ameshika kikombe cha maziwa ya moto, na kuku amefungwa miguu pale mlangoni. Awinja alikuwa na usingizi, kwa hivyo alikuwa ameshaanza.

Senge akaita, "Imali!" Kilio.

"Khasoa!" Kilio kikapanda.

"Huyo Khasoa alikuwa na mdomo," Mama akasema, "hata mimi ningelia."

"Nyamaza, wewe uliolewa tu hapa. Ni wa kwetu. Muhonja!"

Sasa sikiliza. Alipotamka tu Muhonja, Protus akaingia. Alikuwa ametoka Malava moja kwa moja, amelowa mvua, na shati lile lile alilobebea miwa wiki nzima. Akainama kumsalimu Senge. Mtoto akainua pua. Akamshika Protus shati hapo begani, akalivuta, akalitia mdomoni, akanyamaza. Kimya kabisa. Tukasikia mvua.

Wanawake wakapiga vigelegele. "Muhonja amefika! Muhonja amemtambua mkwe!" Kuku hakupata hata nafasi ya kuaga. Mtoto akalala juu ya Protus mpaka asubuhi, na Protus hakuweza kuvua shati wala kugeuka. Asubuhi aliniuliza kwa sauti ndogo, "Jael, huyu Muhonja wenu ananipenda mimi au analipenda shati?"

Nilicheka. Sikufikiri. Usiku wa pili akalala hivyo hivyo, nikafurahi, Nehemiah, nikafurahi zaidi ya ninavyoweza kuandika. Nilimwita Muhonja nikafua nguo zake nikiimba. Na kwa sababu nilikuwa na furaha nikafua pia shati la Protus, maana lilikuwa limefika mahali pa kusimama lenyewe.

Usiku wa tatu alimnusa Protus, akamwacha, akaanza kupapasa ukuta.

Senge anasema kuku alikuwa mdogo. Mama anasema tuite tena. Mimi nasema hivi. Sijazaa, na Senge hukumbuka kuniambia hilo kila tukionana, lakini pua ninayo. Mtoto hakutaka jina. Alitaka harufu. Harufu ya miwa, na jasho, na mvua, katika kitambaa. Na harufu hiyo aliijulia kwa nani kama si kwako?

Uliandika, "Hakuna kitu." Tangu lini wewe unajibu swali kwa maneno mawili? Ulipovunja chungu cha Mama ulieleza mpaka jua likatua.

Niambie.

Jael


Musanda,
8 Mei 1977

Dada,

Nimekaa na barua yako, nimeisoma nikaikunja, nikaisoma nikaikunja, mpaka Kibiwott akauliza kama nimeitwa kortini.

Kitu kipo. Kiko chini ya kichwa changu.

Ni ngata yangu. Kile kipande cha blanketi kuukuu ninachokunja na kuweka begani ninapobeba mafungu ya miwa kwenda kwenye trela. Bila hicho muwa unakuchuna ngozi siku ya kwanza. Maji ya miwa hushuka humo kutwa, na jasho, na vumbi, kikikauka kinakuwa kigumu kama ngozi ya ng'ombe. Nilikuwa nikirudi jioni nakitupa mlangoni. Awinja alipoanza kutambaa akakipata. Kona moja ni tamu. Akaanza kuinyonya.

Tangu hapo ikawa vita. Jioni hakuwa akinisalimu mimi, alikuwa akisalimu ngata. Anangoja mlangoni, naiweka chini, anaibeba kwa mikono miwili kama inavyobebwa sahani ya wageni. Asubuhi Beldina alikuwa akiitoa polepole vidoleni mwa mtoto akiwa usingizini, na kumwekea upindo wa leso, ili mimi niende nayo kazini. Jioni inarudi na utamu mpya. Hivyo ndivyo mtoto wako alivyolelewa.

Nilipomleta kwako sikuileta. Sababu ya kwanza ni aibu. Viti vyako vina vitambaa vya maua vilivyotiwa wanga. Ningekutolea kile kitu cheusi kwenye mfuko, ungesema ndugu yangu huko kwenye miwa anamlaza mtoto na matambara. Nikasema atasahau. Ni mtoto.

Sababu ya pili siwezi kuisema vizuri. Siku ile niliporudi, chumba kilikuwa kimya. Beldina hayupo, mtoto hayupo. Ngata ilikuwa pale kitandani alipoiacha, na ile kona bado ilikuwa na unyevu. Nikaiweka chini ya kichwa. Tangu hapo nabebea gunia la kawaida. Bega limechubuka, lakini ngata sijaitoa nje.

Kibiwott alinikamata. "Nehemiah, ndevu unazo, na bado unabembelezwa?"

Nikamwambia ni mto.

"Mto gani unanuka kama trela langu?"

Akaenda kuwaambia wengine. Sasa asubuhi Osundwa akisoma majina kazini, mtu huniuliza kama nimenyonya.

Lakini mtoto anakonda na mimi ni mtu mzima. Naituma na Makhanu, yule mchuuzi wa mbuzi wa Lubao, atapita kwako. Usiogope, sikuituma kama ilivyokuwa. Nimeiloweka, nimeifua kwa Omo, nimeisuuza, nimeifua tena, nimeitia buluu. Kibiwott mwenyewe, baada ya kunicheka yote hayo, alileta pasi ya makaa akainyoosha. Ni safi kuliko shati langu la kanisa.

Nimeona ni heri uijue rangi yake. Ilikuwa na mistari ya kijani. Hata mimi nilikuwa nimesahau.

Nehemiah


Shinyalu,
22 Mei 1977

Nehemiah,

Leo salamu zitangoja mwisho.

Nani alikuambia ufue?

Makhanu alifika Jumatano. Nilimwita mtoto, nikampakata, nikafungua karatasi. Aliiona, uso ukafunguka, akapanua mikono yote miwili. Akaileta puani. Nehemiah, umewahi kumwona mtu mzima akipewa shilingi ya bandia? Alinitazama mimi. Akanusa tena upande wa pili, labda harufu imejificha huko. Akatafuta kona yake, akaipata, akatia mdomoni, akaitoa.

"Hii ni ya kanisa, Senge," akasema.

Akashuka magotini pangu, akaenda nayo nje mwenyewe, akaiweka pale kwenye ua ninapoanika nguo, pamoja na nyingine. Akarudi. Usiku huo alilia kama mtu aliyefiwa, maana awali alikuwa akitafuta, sasa alijua imekufa.

Nilijaribu. Nilisugua sukari nguru kwenye kona. Nilimvalisha Protus ngata begani akakate kuni nayo. Nilimwomba alime nayo. Protus alisema amefanya mengi kwa ajili ya ukoo huu lakini hajawahi kulima akiwa amevaa blanketi, na bado akalima. Mtoto alinusa na kusema, "Ya baba Protus." Si mjinga.

Amekataa uji tangu juzi. Na jana Mama amesema jambo. Amesema mwisho wa mwezi ujao, mtoto akiwa bado hivi, atampeleka kwako mwenyewe, hata kama ni kwa kutambaa na miguu hiyo. Amesema hataki mtoto wa Nehemiah apungukie mikononi mwa mtu ambaye hajazaa. Alisema hivyo nimesimama mbele yake, nimembeba mtoto. Sikumjibu. Wewe pia usimjibu.

Nakurudishia ngata kwa Makhanu. Ibebee miwa. Ichafue kama ilivyokuwa, usiache hata siku moja, na ukiwa na huruma ya kitu chochote usiikaribishe sabuni. Halafu niletee upesi.

Salamu sasa. Tuko wazima. Ndama anakua.

Jael


Musanda,
19 Juni 1977

Dada yangu Jael,

Mama nimemsamehe kwa niaba yako, kwa kuwa umesema nisimjibu. Protus mwambie nikija nitamlimia shamba lote, bila blanketi.

Ngata ilinifikia. Kesho yake asubuhi naivaa begani naenda kazini, nakuta watu wamesimama. Kiwanda kimefungwa kwa matengenezo. Hakuna kukata, hakuna kubeba mpaka watangaze. Miwa imejaa dunia nzima, Jael, pande zote miwa, na hakuna muwa mmoja ninaoruhusiwa kuweka begani. Nilimwambia Osundwa nataka kubeba tu, hata bure, hata kutoka mstari huu mpaka ule. Alidhani nimelewa.

"Unataka kubeba miwa ya nini?"

"Nataka kuchafua kitambaa."

"Nehemiah, nenda ukalale."

Kibiwott ndiye aliyenitoa hapo. Anajua mtu mwenye mashine ya sukari nguru upande wa mtoni. Trekta yake ilikuwa imeegeshwa kama nyingine, kwa hivyo tulienda kwa miguu, na njiani hakunitania hata mara moja, mpaka nikaogopa. Mwisho akasema, "Kwetu dada yangu alikuwa na mkia wa ndama. Aliolewa nao."

Nimebeba hapo tangu siku ile. Mashine inakula miwa bila kupumua, na wewe unailisha. Moshi wa makapi, mvuke wa sufuria, maji ya miwa yanayoshuka mpaka kiunoni. Wenzangu wanasema hakuna aliyewahi kumwona mkata miwa akikataa kuanika nguo yake. Naikunja ikiwa mbichi, naiweka begani ikiwa mbichi. Wiki ya kwanza ilinuka miwa tu, kama ya mtu yeyote. Nikashtuka. Halafu nikafikiri, Awinja alisema ya Protus ni ya Protus. Nikaanza kulala nayo tena. Si chini ya kichwa tu, begani hivi, na kifuani. Asubuhi naenda nayo bila kunawa. Kibiwott amehamia upande wa dirisha.

Jumapili iliyopita nilienda kumwona Beldina. Ameongeza mwili kidogo. Hatuingii ndani, tunaongea wao wakiwa upande ule wa waya. Nilikuwa nimeibeba ngata, sijui kwa nini. Nilimweleza yote, hata jina, kwa sababu nilishindwa kueleza shati la Protus bila kueleza kuku. Nilidhani atakasirika. Alicheka mpaka nesi akaja kutazama. Kisha akasema, "Kona aliyokuwa akiipenda ni ile yenye mshono. Usiifunike ndani ukikunja. Iache nje ipate maji."

Nikasema nimesikia.

Akaitazama. Nikaona anataka kuinusa, dada. Niliisogeza karibu na waya. Akarudi nyuma hatua moja, akaweka mikono mgongoni, akashika mkono mmoja kwa mwingine. "Ondoa hapo," akasema. "Itamfikia mtoto."

Tukakaa hivyo mpaka kengele.

Basi naituma. Makhanu alipoipokea alisema, "Umenipa panya aliyekufa nimpeleke Shinyalu?" Nimemwapisha asiianike, asiifungue, asiiweke karibu na mbuzi maana watailamba. Mshono uko nje.

Ikikataliwa, usiandike barua. Mlete tu. Nitaacha kazi, nitakuwa nimejaribu.

Nehemiah


Shinyalu,
17 Julai 1977

Ndugu yangu Nehemiah,

Naandika barua, kwa hivyo unajua.

Makhanu alifika Ijumaa ya tarehe mosi jioni akiishikilia kwa vidole viwili mbali na mwili wake. Mama alikuwa amekuja, ameketi hapo na kifurushi chake cha safari, maana mwezi ulikuwa umeisha. Sikumwita mtoto. Nilikuwa nimeogopa uso ule wa mara ya kwanza. Niliiweka kwenye kigoda karibu na mlango nikaenda kukoroga obusuma, ugali wa jioni, mgongo wangu ukiwa kwake.

Nilisikia miguu. Nikasikia imesimama. Kisha hakuna kitu. Nilikoroga mpaka obusuma ikaanza kuungua chini na Mama akasema, "Jael, unapika au unasali?"

Nikageuka. Alikuwa ameketi chini, ngata mapajani, anaizungusha. Hakuharakisha. Alipitia upande mmoja, wa pili, wa tatu, anatafuta mshono. Alipoupata akautia mdomoni, ule mkono mwingine ukapanda shavuni, vidole viwili, na safari hii kulikuwa na kitu kati yake. Akafumba macho. Jua halijatua, chakula hakijaiva, na yeye akalala hapo hapo sakafuni, ameketi.

Tulimpisha. Protus aliruka juu yake kwenda nje kama anayeruka mfereji.

Asubuhi alikula uji vikombe viwili akaomba na ya chini ya sufuria. Sasa anaiburuta kila mahali. Ameshaifundisha njia ya mtoni. Vitambaa vyangu vya maua nimevitoa vitini, maana anaikalisha ngata kwanza, yeye ndipo anakaa. Kuku wamepata majina tofauti.

Mama alifungua kifurushi chake akarudisha nguo zake mahali. Jioni alimwosha mtoto miguu, akaninyooshea akasema, "Shika mtoto wako, mimi mgongo umechoka." Nikamshika.

Senge Selpher naye amekuja kuhukumu. Anasema jina lilifanya kazi tangu Pasaka, ila Muhonja ni mzee na barabara ina matope, ndiyo maana amechelewa. Yeye anamwita Muhonja. Mimi nimerudi kumwita Awinja, mwambie Beldina. Mwenyewe anaitikia yote mawili, ukiwa na chakula.

Hapa hana shida ya kukaa, hata mpaka mwaka uishe. Baki kazini kwako. Chumba kimngoje Beldina.

Sasa jambo la mwisho. Nilimlaza juzi nikakaa kumtazama, nikajiuliza, na yule wa Musanda analalia nini? Uliandika jinsi ulivyoipata kitandani ikiwa na unyevu, halafu hukuligusa tena neno hilo. Ulituma ngata mara mbili na mara zote mbili hukusema unabaki na nini.

Kwa hivyo Makhanu amekuletea kifurushi. Amelalamika, mzoee. Ni lile gauni la manjano alilokuja nalo. Limekuwa fupi, sasa anakula. Alilivaa wiki nzima kabla sijamvua. Lina uji kifuani, moshi wa jikoni kwangu, na tope la mtoni kwenye upindo. Shingoni limelowa mate.

Sikulifua. Na wewe ukilifua, usiniandikie.

Dada yako,
Jael